Chapati Arobaini na Sita

Watoto walikuwa wawili, mkubwa miaka minane na mdogo mitano, na babu yao alivunja mayai kumi.

Usimcheke haraka. Mtu aliyepika miaka thelathini na moja katika shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne hawezi kuamka asubuhi moja akajua kupikia watu wawili. Mkono wake haukujua kidogo. Alijitahidi, masikini. Aliutazama mfuko wa unga wa kilo mbili pale mezani, akausemesha kabisa, "Wewe si chakula, wewe ni wa kuonjea tu," kisha akaumimina wote kwenye beseni.

Wanafunzi ndio waliompa jina la Upawa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila upawa mkononi, na jina likamganda mpaka uzeeni. Sasa alikuwa na miaka miwili tangu astaafu, na minne tangu mkewe afariki. Aliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ukuta kwa ukuta na stoo ya saruji, na kila alichokifuta vumbi asubuhi alikifuta tena jioni. Chakula chake kilikuwa chai na mkate. Akitaka kubadilisha, alikula mkate na chai. Majirani walidhani ni ubahili. Ukweli ni kwamba kila alipojaribu kupika alijikuta amepika sufuria zima, akala siku ya kwanza, akala ya pili, na siku ya tatu akakaa kwenye kigoda akilitazama lile sufuria bila kujua alifanyeje. Hakuna aliyemwambia kwamba upweke unaanzia kwenye vipimo. Mpishi mzima, na hajui kujipikia mwenyewe! Alimwonea aibu hata yule mwenye duka aliyemuuzia mkate.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa karani wa posta katika mji wa pili, safari ya saa mbili kwa basi. Hakuwahi kumwachia watoto hata siku moja. Alikuja nao mara mbili kwa mwaka, wakakaa sebuleni na viatu vyao miguuni, wakanywa soda, wakaaga. Safari hii hakuwa na jinsi. Kazini walimwita kwenye semina ya kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumamosi mchana katika mji huu huu, na jirani anayemwangalizia watoto alikuwa amefiwa. Akawaleta Ijumaa mchana, akaahidi kuwachukua Jumamosi.

Pale mlangoni, baba mtu aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na likizo ndefu inayokuja, zile wiki tatu, si wangekaa hapa tu?"

"Tutaona, baba," binti alijibu akitafuta kitu kwenye mkoba.

Mzee aliijua ile tutaona. Aliambiwa tutaona mkewe alipozikwa, alipouliza kama watamtembelea mara kwa mara. Aliambiwa tutaona alipostaafu. Lakini leo alikuwa na usiku mmoja na asubuhi moja, na akapiga hesabu ya kipishi: mtoto huikumbuka nyumba kwa tumbo. Wakirudi kwao wanaimba habari za chapati za maji za babu, mama yao ataona haya kuwanyima. Likizo nzima, watoto wawili wakikimbizana humu ndani, ilining'inia kwenye kifungua kinywa kimoja.

Ndiyo maana saa tisa usiku alikuwa ameshasimama jikoni. Alichekecha unga mara mbili. Akasaga iliki kidogo, akatia sukari, chumvi ya kubana kwa vidole, mayai, maziwa, kisha akakoroga kwa mwendo ule ule wa bega zima aliokuwa akikorogea mapipa. Uji wa unga ukatulia nusu saa, maana usipotulia chapati hupasuka, na hilo alikuwa akiwafokea wapishi vijana kila siku. Akakata kitunguu nusu, akakichoma uma, akakichovya kwenye mafuta na kukipitisha kwenye kikaango. Ya kwanza ikapasuka, kama kawaida. "Ya kwanza ni ya kikaango," alijisemea, kama alivyowaambia watu miaka yote. Zilizofuata zilitoka laini, za duara, zenye madoa ya hudhurungi. Kufika saa kumi na moja na nusu alikuwa nazo arobaini na sita, zimepangwa ndani ya beseni na kufunikwa kitambaa cheupe. Alizihesabu mara mbili kwa raha zake.

Kisha akafanya alichokifanya kila siku ya kazi yake kwa miaka thelathini na moja. Alichukua mfuniko wa sufuria kubwa, akasimama katikati ya nyumba, akaupiga kwa upawa. Ngwa! Ngwa! Ngwa!

Mdogo aliruka kitandani akilia kwa sauti yote aliyojaliwa. Huyu alikuwa akiitwa Kifungo, kwa kuwa hakuna nguo yake iliyobaki na vifungo vyote, alivitafuna. Mkubwa aliitwa Wakili, na sababu utaiona sasa hivi. Aliketi, akasugua macho, akamtazama babu yake aliyesimama na silaha zake mbili.

"Babu, kuna moto?"

"Chakula tayari, bibie! Watoto hula mapema."

"Nje kuna giza."

"Saa kumi na moja na nusu hiyo. Mia nne walikuwa wanaamka na hawasemi kitu."

"Babu, leo Jumamosi," Wakili alisema kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mgonjwa. "Jumamosi watu wanalala. Iko hivyo kila mahali. Hata wezi wanalala."

Kifungo alilia akimtaka mama yake. Alilia muda mrefu, na mzee hakujua pa kuweka mikono. Alikuwa amewashibisha watoto maelfu kwa maelfu, lakini kumnyamazisha mmoja hakuwahi. Ilikuwa kazi ya matroni. Mwishowe Wakili ndiye aliyemvuta mdogo wake kifuani, wakajifunika shuka, na usingizi ukawachukua tena. Upawa alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda akilitazama beseni. Mvuke ulikuwa ukipenya kwenye kitambaa, kisha ukapungua, kisha ukaisha. Alisikia vizuri kabisa likizo yake ikipoa.

Waliamka saa mbili, wenyewe, wakiwa wamesahau yote. Watoto bwana! Kifungo alikuja mpaka jikoni na kitu kinywani, akakitema kiganjani. Kilikuwa kifungo cha foronya.

"Babu, piga tena ile kengele," alisema. "Lakini polepole."

Akaipiga polepole. Wakacheka. Akawaambia wapange foleni, nao wakapanga, foleni ya watu wawili, Wakili nyuma akimsukuma mwenzake na kulalamika kwamba kuna watu wanachomekea. Mzee alisimama nyuma ya meza, akawapa mbili mbili, akamwagia kila mmoja asali kwa kijiko. Chapati alikuwa amezipasha. Walikula kwa vidole, asali ikawafika kwenye viwiko. Wakili alikula tano, Kifungo tatu. Upawa hakula hata moja. Alisimama palepale na upawa wake, akitazama midomo yao ikitembea, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke aliiona nyumba ina watu.

"Babu, mbona umesimama?" Kifungo aliuliza.

"Mpishi hakai watu wakiwa wanakula."

"Nani kasema?"

Hakuna aliyesema. Akabadilisha mazungumzo kwa kuwapa hadithi yake, ile aliyoizoea, iliyochekesha watu kwenye kila kikao.

Yeye na familia yake walikuwa wakiishi nyumba za wafanyakazi, aliwaambia, nyuma ya ua wa shule. Na sheria ya shule ilikuwa kali: chakula cha wanafunzi hakitoki getini. Wapishi wengine walitoka na mikate chini ya makoti, wamevimba kama wajawazito. Yeye, hata punje! Siku ya kufunga shule, kila muhula, walipika chapati za maji. Basi siku moja anagawa, sahani baada ya sahani, anainua macho, anamwona nani? Mama yenu! Ana miaka saba, amekuja na sahani yake ya bati kutoka nyumbani, amejipanga foleni katikati ya wanafunzi, mpole kama hakuna kitu. Ameshikilia sahani kwa mikono miwili. "Mimi nikamwambia, 'Wewe si wa hapa. Nenda nyumbani. Wa nyuma, sogea!'"

Alicheka na kusubiri. Hapa ndipo watu walipopiga makofi. Siku ya kumuaga kazini mkuu wa shule mwenyewe aliisimulia kwenye kipaza sauti, kuonyesha uaminifu wa mzee huyu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Binti yake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Sasa ndipo alipokumbuka kwamba mikono ya binti yake ilikuwa imelala mapajani.

Wajukuu hawakucheka. Wakili alikuwa ameacha kutafuna.

"Halafu akala nini?" Kifungo aliuliza.

"Alirudi nyumbani."

"Eeh. Akala nini?"

Miaka yote hiyo, katika vikao vyote hivyo, hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mzee Upawa alijaribu kukumbuka na akakuta hapana kitu cha kukumbuka. Alikuwa hayupo. Alikuwa akiondoka nyumbani saa tisa usiku kwenda kuwasha majiko, na mfuniko wake ulisikika mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi. Kila asubuhi binti yake alisikia baba yake akiwaita watoto wa wenzake kula. Kinyozi hajinyoi, tunasema, na tunacheka, lakini hatumuulizi mtoto wa kinyozi.

"Chai, nadhani," alisema. "Bibi yenu alikuwa akimpa chai."

Huenda angekaa na jambo hilo kidogo, likamwingia. Lakini saa ya ukutani ikagonga saa nne, na mazoea yana taabu. Saa nne ndiyo saa ya kuosha vyombo. Chakula hakilali jikoni: kilichobaki hutolewa, meza hupanguswa, beseni hugeuzwa. Ilikuwa sheria yake mwenyewe, na pengine alitaka pia kulikimbia lile swali. Alilibeba beseni na chapati zake thelathini na nane.

"Tunazipeleka wapi?" aliuliza Wakili.

"Tunagawa."

"Tusimwekee mama?"

"Mama yenu anakula vizuri huko semina," alisema, akiwa ameshafika mlangoni. "Wanapewa na soda."

Ikawa sherehe, lazima niseme kweli. Kifungo aligawa kwa mikono yake. Fundi viatu wa pembeni alipata sita na kusema, "Mzee Upawa, umekufa ukafufuka?" Wasusi wa kibarazani walipewa kumi na mbili, wakala wakiwa na rasta mabegani. Kumi na saba zilikwenda kwa vibarua wa duka la ujenzi, na tatu za mwisho kwa mlinzi, ambaye alizikunja zote pamoja na kuziingiza kinywani kwa mpigo, jambo lililomfurahisha Kifungo kuliko yote. Mzee alirudi na beseni tupu, akaliosha, akaligeuza juu chini. Kwa muda wa saa tatu alikuwa mtu mwenye furaha.

Binti alifika saa saba na nusu, viatu vikimbana, basi lao likiwa la saa nane. Hakuketi. Watoto walimrukia wakisema wote kwa pamoja.

"Mama, Babu anapiga mfuniko! Ngwa! Ngwa!"

"Tukapanga foleni!"

"Mimi nimekula tano!"

Mama yao alikuwa akitabasamu. Aliposikia mfuniko tabasamu likabaki mdomoni tu, machoni likaondoka. Alitazama jikoni, kwenye ule mfuniko uliotundikwa msumarini, kwa muda. Halafu akauliza, taratibu, bila kumtazama mtu:

"Zimebaki?"

Katika maisha yake yote ya utu uzima, binti huyu hakuwahi kumwomba baba yake kitu. Si fedha, si ushauri, si kikombe cha maji. Mzee aliligeukia beseni lililogeuzwa juu chini, safi, likimng'aria.

"Nimezigawa," alisema.

"Mlinzi alipata tatu!" alisema Kifungo. "Kazila zote mara moja!"

"Haya," binti alisema. "Si kitu, baba." Akaanza kukusanya nguo za watoto.

Si kitu. Mkewe aliwahi kumwambia, enzi hizo, kwamba mtoto amerudi na sahani yake, ameirudisha kabatini na kusema si kitu. Yeye alikuwa akivua viatu, amechoka, na akasema, "Si nilikuambia ana akili?" Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwake walikuja wajukuu wawili, na majuto yakaingia nyuma yao bila kubisha hodi.

"Kaa," alisema. "Dakika mbili."

"Basi litatuacha, baba."

"Dakika mbili, mama. Nakukorogea sasa hivi."

Hakumsubiri akubali. Aliukung'uta mfuko wa unga, ukatoa vumbi tu. Akakumbuka kopo la juu ya kabati. Ndani kulikuwa na unga wa kikombe kimoja cha chai, na yai lilikuwa moja, lililosalia kwa bahati. Mikono iliyokorogea mapipa sasa ilikuwa na bakuli moja dogo. Kiasi gani cha maziwa kwa mtu mmoja? Kiasi gani cha chumvi? Alikisia. Hapakuwa na nusu saa ya kutuliza. Ya kwanza ikapasuka katikati, akaisukuma pembeni kwenye sahani. Mabaki ya bakuli yalitosha moja tu. Nje watoto walikuwa wameshavaa mabegi, na mama yao alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akitazama saa.

Ya pili ilitoka nzima. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye karatasi safi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ile siku ya sahani," alianza.

"Baba, basi."

"Najua. Nilitaka tu…"

"Asante," alisema, akaitia kwenye mkoba pasipo kuitazama.

"Na likizo?"

"Tutaona."

Wakaenda. Aliwasindikiza kwa macho mpaka walipokata kona kwenye duka la fundi viatu, Kifungo akigeuka na kupunga mkono mara tatu. Kisha akaingia ndani, na nyumba ilikuwa kubwa mno. Shuka la watoto lilikuwa bado limevurugika kitandani. Hakulitandika. Alijua kwamba mtu mwenye haraka husahau vitu kwenye mkoba, na kwamba chapati ya kwenye karatasi, ikipoa, hutupwa dirishani. Yeye mwenyewe angeitupa.

Simu iliita saa tisa kasoro.

"Babu, mimi nashtaki," ilikuwa sauti ya Wakili, na nyuma yake ngurumo ya basi.

"Unamshtaki nani?"

"Mama. Amekula ile chapati yote peke yake. Kifungo kamwomba kipande, kamnyima! Mimi nimeomba kidogo tu, cha pembeni, kaninyima. Anasema hii ni yangu, nyie mlishakula zenu."

Mzee alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. "Yuko wapi? Nipe niongee naye."

"Hawezi kushika simu, ana mafuta mikononi. Anatazama nje tu. Sasa unaamuaje, Babu?"

"Ana haki," mzee alisema. "Ilikuwa zamu yake. Alipanga foleni zamani, kabla yenu."

Wakili alilipima jambo hilo. "Sawa," alisema, kwa shingo upande. "Nimemuuliza na ya likizo. Amesema tutaona. Lakini, Babu, amesema tutaona huku anatafuna."

Simu ilipokatika, Upawa alibaki ameketi. Mbele yake, kwenye sahani, ilikuwa ile iliyopasuka, imepoa na kukakamaa. Hakuwa ameweka kitu kinywani tangu alfajiri. Aliimega, akala, akasita kutafuna. Ilikuwa chumvi tupu. Katika haraka yake alikuwa ametia chumvi mahali pa sukari, kijiko kizima, kosa ambalo kule shuleni angemfukuzia mtu jikoni. Haikulika.

Na yeye ameila yote, alijisemea mzee. Amewanyima na watoto.

Akavuta sahani karibu, akaimaliza ile yake mpaka kipande cha mwisho, akiwa amekaa.